Zama za Nyegere Mwenye Miguu ya Chui

Wafugaji wa nyuki wa wilaya ya Serengeti wana adui asiyetishwa na wingi wa nyuki. Nyegere huja usiku, hupanda mti, huuangusha mzinga au kuupasua huko huko juu, akala asali na majana kwa pamoja, kisha akaenda zake. Asubuhi mwenye mzinga hukuta gome limechanwa, nta imetapakaa kwenye majani, na ardhini alama za kucha za miguu ya mbele, kucha zinazofikia urefu wa sentimita 4. Ndiyo maana mahali pengi mizinga huning'inizwa kwa waya, mbali na shina.

Mwizi mwenyewe si mkubwa. Nyegere aliyekomaa ana kilo kati ya 7 na 14, na kimo chake begani hakifiki kwenye goti la mtu mzima. Nguvu yake iko kwenye taya, kucha na ngozi. Ngozi hiyo ni nene na imelegea kiasi kwamba akishikwa mgongoni hujipindua ndani yake na kumng'ata aliyemshika. Simba na chui humuua wakidhamiria, lakini mara nyingi humpisha.

Nyegere ana ndugu, na baadhi yao wako hapo hapo mkoani Mara. Fisi maji anaishi kando ya Mto Mara na Ziwa Viktoria, akitafuta kaa, furu na samaki wengine. Kicheche mwenye milia myeupe na myeusi anatembea usiku katika mbuga, na akitishwa hutoa harufu inayowafukuza hata mbwa. Yupo pia kicheche mwembamba zaidi, mwenye mwili wa kupenya kwenye mashimo ya panya, ambaye uzito wake haufiki nusu kilo. Wote hawa wataalamu wanawaweka katika familia moja iitwayo Mustelidae. Nguchiro, ambaye watu wengi humchanganya na kicheche, hayumo. Undugu wake wa karibu ni kwa fisi na paka.

Ni familia isiyo na jina kubwa. Watalii wanaoingia hifadhini kwa lango la Ikoma wanamuulizia simba, chui na duma. Nyegere na kicheche huonekana kwa nadra kwa sababu wanatembea usiku, tena peke yao. Mwaka 2010 watafiti walianza kutega kamera 225 zinazojipiga zenyewe katikati ya Hifadhi ya Serengeti, katika eneo la kilomita za mraba 1,125. Katika miaka ya mwanzo kamera hizo zilinasa picha kwa mamilioni. Nyumbu na pundamilia walijaa humo, nyegere akajitokeza hapa na pale, na kicheche kwa nadra mno.

Haikuwa hivyo siku zote. Kwa mamilioni ya miaka, ukanda unaoanzia kusini mwa Ethiopia hadi nyanda za Serengeti ulikuwa na wanyama wa familia hii wakubwa kuliko yeyote wa leo: nyegere mwenye kimo cha mbwa mkubwa, jamaa wa wanyama wa theluji akiishi Narok, na fisi maji mwenye uzito wa simba. Wote wametoweka, na kinachojulikana juu yao kimetokana na meno na mifupa iliyogeuka mawe, yaani visukuku.

Mtu wa Tarime anaweza kuuliza kwa nini mabaki hayo hayapatikani kwake. Jibu liko ardhini. Miamba ya Nyamongo, ile yenye dhahabu, ina umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500. Ilipoganda, hapakuwa na mnyama yeyote duniani, si mwenye mfupa wala asiye na mfupa. Mchimbaji anaweza kushuka mamia ya mita katika miamba hiyo asikutane na jino hata moja. Ili mfupa uhifadhike unahitaji kufunikwa mapema na tope la ziwa, mchanga wa mto au majivu ya volkano, kabla fisi hawajautafuna na jua halijaupasua. Kisha tabaka hilo lisibomolewe kwa mamilioni ya miaka, na mwishowe mmomonyoko uje kulifunua wakati ambapo kuna mtu wa kuliona. Masharti hayo hutimia kwa nadra, na yanapotimia ni zaidi kwenye Bonde la Ufa na kandokando yake.

Sehemu moja ya namna hiyo haiko mbali. Ukichora mstari ulionyooka kutoka mji wa Tarime kuelekea mashariki, ukavuka Maasai Mara, kabla ya kutimiza kilomita 200 unafika Lemudong'o, korongo katika kaunti ya Narok nchini Kenya. Leo ni nchi kavu ya mifugo. Miaka milioni 6 iliyopita palikuwa na ziwa lililozungukwa na miti. Mwaka 1994 mwanaakiolojia Stanley Ambrose aligundua visukuku hapo, na uchimbaji uliofuata ukatoa mabaki mengi ya mbega na pimbi, wanyama wa mitini na majabalini. Kati ya mabaki hayo walipatikana pia wanyama wala nyama, na mmoja wao aliwashangaza wataalamu.

Alikuwa jamaa wa wolverini. Wolverini wa leo ni mnyama wa baridi kali: anaishi Skandinavia, Siberia, Kanada na Alaska, ana manyoya mazito na nyayo pana za kutembelea theluji, na anaweza kuvunja mfupa wa mzoga ulioganda kwa barafu. Barani Afrika hayupo kabisa. Lakini mwaka 2004 Yohannes Haile-Selassie, Leslea Hlusko na F. Clark Howell walitangaza spishi mpya, Plesiogulo botori, kutokana na visukuku vya Middle Awash nchini Ethiopia na vya Lemudong'o. Mnyama mwenye taya za wolverini aliwahi kuwinda karibu na ikweta, mahali ambapo leo Wamaasai wanachunga ng'ombe. Pengine tumezoea mno kuigawa dunia ya wanyama kwa hali ya hewa, huyu wa joto na yule wa baridi, tukasahau kwamba mgawanyo huo ni wa leo tu.

Swali linalofuata ni namna mtaalamu anavyojua mnyama ni wa familia gani kwa kipande cha taya. Anatazama meno. Jino limefunikwa enameli, kitu kigumu kuliko vyote mwilini, kwa hiyo hubaki hata mfupa ukisagika. Wala nyama wote wana jozi ya meno makali yanayopishana kama mkasi kukata nyama na mishipa. Tofauti iko nyuma ya mkasi huo. Mbwa na jamaa zake wana magego mawili nyuma yake katika taya ya juu, kila upande. Familia ya nyegere imebakiwa na gego moja tu kila upande, na mara nyingi ni gego lililotanuka kwa upana, kutoka shavuni kuelekea ulimini. Nyegere amepunguza hata zaidi: kinywa chake kina meno 32, na taya ya chini ina gego moja kila upande. Kicheche mwenye milia kwa kawaida ana meno 34, yule mwembamba ana 28. Fisi maji naye amelipanua gego lake mpaka likawa jiwe la kusagia magamba ya kaa. Kwa hiyo kipande cha taya chenye meno matatu, kidogo kuliko kiganja, kinatosha kueleza familia, ukubwa na chakula cha mnyama aliyekufa miaka milioni 6 nyuma.

Kwa upande wa Tanzania, ushahidi uko Laetoli, ukingo wa kusini wa nyanda za Serengeti, ndani ya eneo la Ngorongoro. Ni mfumo ule ule wa ikolojia: nyumbu anayezaliwa karibu na Ndutu mwezi Februari ndiye anayevuka Mto Mara miezi michache baadaye kuingia Lamai, wilayani Tarime. Laetoli inajulikana dunia nzima kwa nyayo za binadamu wa kale zilizogunduliwa mwaka 1978 na timu ya Mary Leakey, zilizogandishwa kwenye majivu ya volkano miaka milioni 3.66 iliyopita. Umaarufu wa nyayo hizo umewafunika wanyama wengine wa Laetoli, na hilo ni jambo la kusikitisha, maana ni mkusanyiko wa ajabu.

Mmoja wa wanyama waliojaa sana hapo alikuwa wa jamii ya sungura, ambaye mwanasayansi wa Kijerumani W. O. Dietrich alimpa jina la Serengetilagus mwaka 1941, akitumia mifupa iliyokusanywa na Ludwig Kohl-Larsen mwishoni mwa miaka ya 1930. Palikuwa pia na panya wa aina nyingi na fuko. Penye mlo huo lazima awepo wa kuula. Mwaka 1987 mtaalamu wa Kifaransa Germaine Petter, akichambua wala nyama wadogo wa Laetoli, alimtambua kicheche wa kale na kumpa jina la jenasi Propoecilogale. Spishi yake, bolti, ilikuwa imeelezwa miaka miwili kabla na H. B. S. Cooke kutokana na visukuku vya Bolt's Farm, Afrika Kusini. Kwa umbo la meno, huyu anakaa karibu na mahali ambapo ukoo wa kicheche mwenye milia na ule wa kicheche mwembamba ulikutana. Aliishi katika nyika ile ile waliyoipita binadamu wale wa kale, na wakati majivu yakianguka, bila shaka alikuwa akifukuza panya katika mashimo yao. Hakuwa jitu. Lakini ni yeye anayeonyesha kwamba vicheche wanaotembea leo usiku katika Serengeti wana nasaba ndefu palepale walipo.

Jitu lenyewe lilitoka kaskazini zaidi.

Lothagam ni kilima cha mawe mekundu na meusi magharibi mwa Ziwa Turkana, mahali pakame ambapo joto la mchana huwalazimisha wachimbaji kuanza kazi alfajiri. Timu ya Chuo Kikuu cha Harvard ikiongozwa na Bryan Patterson ilifika hapo katika miaka ya 1960. Kati ya mwaka 1989 na 1993 Meave Leakey wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya aliirudia kazi hiyo kwa kina. Tabaka zake zinahifadhi dunia ya miaka milioni 7 hadi 5 iliyopita: tembo wa kale, farasi wadogo wenye vidole vitatu, viboko, mamba, fisi wa aina kadhaa na paka wakubwa wenye chonge kama majambia. Katikati ya hao kilipatikana kiunzi cha mnyama mmoja wa familia ya nyegere, kiunzi kilichokaribia kukamilika. Kwa wala nyama wa umri huo ni bahati kubwa, kwa sababu wawindaji huwa wachache kuliko mawindo, na mara nyingi wanachoacha ni jino au kipande cha taya tu.

Mwaka 2003 Lars Werdelin wa Makumbusho ya Historia ya Asili ya Sweden alimpa jina la Ekorus ekakeran, kwa maneno ya Kiturkana, akimaanisha nyegere anayekimbia. Jina hilo linamfaa. Nyegere wa leo ana miguu mifupi na hutembea akikanyaga kwa unyayo mzima, mwili ukiwa karibu na ardhi. Ekorus alisimama sentimita 60 begani, na mifupa ya miguu yake ilikuwa mirefu na iliyonyooka kiasi cha kulinganishwa na ya chui. Uzito wake unakadiriwa kuwa zaidi ya kilo 40. Hapa inafaa kukumbuka kwamba leo, katika familia yote hii, hakuna anayeishi nchi kavu anayekaribia uzito huo. Wolverini mara chache huzidi kilo 20. Anayefikia kilo 40 na ushee ni fisi maji wa baharini, ambaye maji ndiyo yanayoubeba mwili wake.

Kwa hiyo Ekorus alikuwa mnyama wa kufukuza windo mbugani, jambo ambalo hakuna ndugu yake wa leo anayelifanya kwa namna hiyo. Akiwa amesimama karibu na nyegere wa Serengeti, huyu wa leo angepita chini ya tumbo lake bila kuinama sana.

Na bado hakuwa mkubwa kuliko wote. Katika bonde la chini la mto Omo, kusini mwa Ethiopia, aliishi fisi maji ambaye mwaka 2022 timu ya Camille Grohé ilimpa jina la Enhydriodon omoensis. Kwa makadirio ya mifupa na meno yake alikuwa na kilo 200 hivi, uzito wa simba dume. Aliishi kati ya miaka milioni 3.5 na 2.5 iliyopita, katika zama ambazo jamaa wa binadamu walikuwa wakitembea kwa miguu miwili katika bonde hilo hilo. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba mafisi maji wakubwa wa namna hii walishinda majini kama viboko. Grohé na wenzake walipima isotopu za oksijeni na kaboni ndani ya enameli, alama ambazo huachwa na maji na chakula ambavyo mnyama alitumia wakati meno yake yakiota. Matokeo hayakufanana na ya kiboko. Yalifanana na ya wanyama wa nchi kavu, hasa paka wakubwa na fisi. Yaani huyu alitembea ardhini na kula wanyama wa ardhini, akiwa na gego la kuvunja mifupa.

Fisi maji wa kale wako pia karibu zaidi. Songhor, upande wa mashariki wa Kisumu, ilitoa Kenyalutra, aliyeishi miaka karibu milioni 20 iliyopita. Uganda ilitoa Torolutra ougandensis, fisi maji aliyeelezwa mwaka 1991. Kanda ya Ziwa ina historia ndefu ya wanyama hawa kuliko umri wa Ziwa Viktoria lenyewe, ambalo kwa vipimo vya jiolojia ni changa.

Walipotelea wapi? Kwa Ekorus, jibu linalotolewa linahusu nyasi na ushindani. Kuanzia miaka kama milioni 8 iliyopita nyasi za kitropiki zilianza kusambaa Afrika Mashariki na misitu ikapungua. Mbuga ilipofunguka, paka wa kisasa na fisi walizidi kushika nafasi za uwindaji, na jamii ya mbwa ikaingia Afrika kutoka kaskazini: visukuku vyake vya mwanzo barani vina umri wa miaka karibu milioni 7. Mnyama wa familia ya nyegere aliyejifunza kukimbia alikutana na wanyama ambao miili yao ilikuwa bora zaidi kwa kazi hiyo. Visukuku vya Ekorus havivuki zama hizo.

Kwa mafisi maji wakubwa kisa ni kingine, na ndani yake tumo sisi. Mwaka 2013 Werdelin na Margaret Lewis walichapisha uchambuzi wa wala nyama wakubwa wa Afrika Mashariki wa miaka milioni 3.5 iliyopita. Waliona kwamba kuanzia miaka karibu milioni 2 nyuma, aina zao na namna zao za kuishi zilipungua kwa kiasi kikubwa, na waliotangulia kupotea ni wale waliokuwa wa kipekee, wakiwemo fisi maji hao. Hoja yao ni kwamba kipindi hicho ndicho ambacho watangulizi wetu walianza kula nyama kwa wingi na kunyang'anya mizoga. Mwaka 2020 Søren Faurby, Werdelin na wenzao walilinganisha kupotea huko na mabadiliko ya mvua, ya uoto na ya ukubwa wa ubongo wa watu wa kale. Ukubwa wa ubongo ndio uliolingana zaidi na kupotea kwa wala nyama wakubwa. Si wataalamu wote wanaokubali kwamba binadamu ndiye mshtakiwa mkuu, lakini uzito wa hoja hiyo ni mkubwa, na unabadilisha namna ya kuitazama Serengeti. Hifadhi iliyotangazwa mwaka 1951, ambayo dunia inaiita pori la asili lisiloguswa, ina orodha ya wawindaji ambayo huenda mkono wa binadamu ulishaipunguza kabla ya moto wa kwanza kuwashwa katika nyika hiyo.

Waliopona ni wale wasiochagua. Utafiti uliofanywa katika Kgalagadi, kusini mwa Afrika, ulihesabu zaidi ya aina 50 za windo la nyegere: nge, panya, mijusi, nyoka wenye sumu, ndege, na majana ya nyuki. Hashindani na simba kwa pundamilia. Hamkimbizi swala. Kinachomponza leo ni mizinga na mabanda ya kuku, mahali ambapo anakutana na binadamu uso kwa uso, na mitego na sumu vinamwua kuliko mnyama yeyote wa porini.

Kazi ya kuwatafuta jamaa zake haijaisha, na Tanzania ina ardhi ya umri unaofaa nje ya Laetoli pia. Katika bonde la Manonga, kati ya Tabora na Shinyanga, Terry Harrison na wenzake walichimba katika miaka ya 1990 tabaka za miaka kati ya milioni 5.5 na 4, wakapata viboko, nguruwe wa kale, jamaa wa tembo na farasi wa vidole vitatu. Ni karibu na umri wa tabaka za juu za Lothagam. Makorongo ya namna hiyo hufunguka upya kila masika, na mara nyingi anayetangulia kuona kitu kimejitokeza ni mchungaji. Kipande cha taya kilichogeuka jiwe, cha rangi ya kahawia au kijivu na kizito kuliko mfupa wa kawaida, kinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Kinatakiwa kiachwe pale pale kilipo na taarifa ipelekwe kwa ofisi ya wilaya, kwa sababu mtaalamu akishakosa kujua kimetoka tabaka gani, hawezi tena kusema mnyama huyo aliishi lini.